GitHub, GitLab, Codeberg au seva yenu wenyewe: timu ndogo ya Arusha iweke wapi akaunti zake?

Vijana wanaotengeneza mifumo hapa Arusha wakiniuliza "tutumie GitHub au GitLab?", yaani huduma ipi ya mtandaoni ya kuhifadhi msimbo wa programu, mara nyingi wanataka kusikia habari za kasi, nafasi na bei. Kwa timu ya watu watatu hadi kumi, hayo yanatosha popote mtakapokwenda. Msimbo utahifadhika, historia yake itatunzwa, na mwanzoni hamtatoa hata shilingi. Tofauti yenye kuuma iko kwenye akaunti: nani ndiye mwenye mali, nani anaruhusiwa kufuta nini, na mambo yanakuwaje siku mtu anapoacha kazi, anapoibiwa simu, au anapotoweka tu na namba yake haipatikani.

Na hapa kwetu watu huondoka sana. Kampuni za utalii huchukua fundi wa mfumo wa kuweka nafasi kabla ya msimu wa Juni. Masika yakirudi na wageni wakipungua, mkataba haurefushwi. Vyuo navyo, kuanzia Arusha Technical College na Chuo cha Uhasibu kule Njiro hadi Ushirika Moshi, hutoa wanafunzi wa field wanaokaa nanyi wiki kadhaa kisha wanarudi darasani. Kwa hiyo nitazilinganisha huduma hizi kwa mlango wa kutokea zaidi kuliko wa kuingilia. Kuingia ni rahisi kote: imeili, jina la mtumiaji, nywila, umemaliza.

Ninazozilinganisha ni nne. GitHub, iliyoanza 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. GitLab, iliyoanzia Ukraine mwaka 2011, ambayo unaweza kuitumia kwenye tovuti yao au kuisimika kwenye seva yako. Codeberg, inayoendeshwa na chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Berlin. Na mwisho Gitea au Forgejo, programu huria nyepesi za kusimika wenyewe. Forgejo ilichipuka kutoka Gitea mwaka 2022, na ndiyo inayoendesha Codeberg. Bitbucket, huduma nyingine ya aina hii, nitaigusa kidogo tu.

Akaunti ni ya nani hasa?

GitHub inahesabu akaunti kuwa mali ya mtu, si ya ofisi. Masharti yao yanasema mtu mmoja, akaunti moja ya bure, na kwamba akaunti moja isitumiwe na watu wawili. Unaruhusiwa kuongeza moja ya mashine, kwa kazi zinazojiendesha zenyewe, basi. Sasa zunguka ofisi za mjini uone: "akaunti ya ofisi" imefunguliwa kwa imeili ya info@, nywila imebandikwa kwenye grupu la WhatsApp, na namba za uthibitishaji zinaingia kwenye simu ya mtu mmoja ambaye leo yuko Karatu na mtandao unasumbua. Mbali na kuvunja masharti, hamwezi kujua nani alifuta nini, kwa sababu kila kitu kimefanywa na "ofisi".

Upande wa pili wa kosa hilohilo ni repo (hifadhi ya msimbo wa mradi mmoja) kuwa kwenye akaunti binafsi ya fundi. Mazungumzo yake nimeyasikia Moshi, kwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani:

"Shikamoo mzee. Mfumo wenu msimbo wake uko wapi?"

"Marahaba. Uko kwa yule kijana aliyeutengeneza."

"Anapatikana?"

"Alikwenda Dar mwaka juzi. Simu inaita, hapokei."

Hapo hakuna wizi, na huenda kijana hana hata nia mbaya. Lakini akiifuta akaunti yake kesho, repo zilizo chini ya jina lake zinakwenda nayo. GitHub itaandika "ghost" mahali pa jina lake kwenye maoni aliyoacha kwa wengine, na jina lake litafungiwa kwa siku 90. Mzee atabaki na mfumo unaoendelea kufanya kazi hadi siku utakapogoma, bila msimbo wa kuutengenezea.

Dawa kwa GitHub ni kufungua organization, yaani akaunti ya pamoja ya kampuni, ambayo ni bure, na kuweka repo zote chini yake. Kila mtu anaingia kwa akaunti yake binafsi, anapewa nafasi, na siku ya kuondoka ananyang'anywa nafasi bila kuguswa akaunti. Wekeni owner (mwenye mamlaka yote) wawili. Akiwa mmoja, mmerudi palepale pa kijana wa Dar. Owner wa pili si lazima awe mtaalamu. Mwenye kampuni mwenyewe anaweza, mradi afundishwe kutunza nywila.

GitLab ina kitu cha namna hiyo kiitwacho group, ila chao kina matumbo: kundi ndani ya kundi. Mnaweza kuwa na kundi la kampuni, ndani yake kundi la kila mteja, na ndani yake miradi. Mtu akipewa ngazi juu, inashuka hadi chini yenyewe. Ukimweka kwenye kundi la mteja mmoja tu, miradi ya wateja wengine haioni kabisa. Kwa ofisi inayohudumia kampuni tano za safari zinazoshindana, na ambazo hakika hazitaki kuoneshana bei zao, mpangilio huu umekaa vizuri kuliko wa GitHub, ambako organization haina tabaka za hivyo na mnalazimika kuunda timu na kugawa repo moja moja.

Bitbucket ina mtazamo tofauti, na ni vizuri mfanyakazi aujue. Unaingia kwa akaunti ya Atlassian, ileile ya Jira na Trello, programu za kupanga kazi. Kampuni ikithibitisha kwamba anwani za imeili za ofisi ni zake, inaweza kuzitawala akaunti zote zilizofunguliwa kwa imeili hizo, ikiwa ni pamoja na kuzifunga. Mwajiri ataipenda. Kijana anayejenga jina lake angekuwa na tahadhari. Kwa GitHub, kinyume chake, ukiongeza imeili binafsi mapema, unaondoka na akaunti yako na historia yako ya kazi za wazi.

Ngazi za ruhusa, na mahali GitHub ya bure inapobana

Kwenye repo ya faragha iliyo chini ya akaunti binafsi ya GitHub, unayemwalika anapata kusoma na kuandika, vyote viwili. Huwezi kumwambia mwanafunzi wa field "wewe soma tu". Mkihamia organization mnapata ngazi tano, kuanzia kusoma tu hadi mamlaka yote: read, triage, write, maintain na admin. Hapo mnapumua.

Kinachobaki ni ulinzi wa tawi kuu. Yaani ile kanuni kwamba hakuna anayesukuma mabadiliko moja kwa moja kwenye msimbo unaotumika. Lazima mwingine apitie kwanza. Kwenye GitHub ya bure, ulinzi huo unapatikana kwa repo za wazi. Repo ya faragha inauhitaji mpango wa kulipia, ambao kwa timu ni dola 4 kwa kila mtu kwa mwezi. Watu sita, dola 24. Si pesa ya kutisha, ila inahitaji kadi inayokubali malipo ya nje na mtu wa kukumbuka kuijaza kila mwezi.

GitLab inatoa ulinzi huo bure, na imeuwasha tangu mwanzo. Ngazi zake za msingi ni Guest, Reporter, Developer, Maintainer na Owner. Mtu wa ngazi ya Developer anaandika msimbo kwenye matawi yake lakini tawi kuu linamkatalia, linamkubalia Maintainer. Kwa hiyo mwanafunzi akisukuma kitu saa tano usiku kabla ya basi la kurudi kwao, hakitaufikia mfumo wa mteja. Guest nayo ina faida yake: kwenye mradi wa faragha anaona orodha ya kazi na malalamiko bila kuuona msimbo. Mpe mteja ngazi hiyo, aache kukutumia picha za skrini usiku.

Lakini, na hapa ndipo wengi wanapokwama, GitLab.com ya bure inaruhusu watu 5 tu kwenye kundi la juu la faragha, na Guest naye anahesabiwa. Mkizidi, kundi linageuka la kusoma tu. Mpango wa kulipia unaofuata ni dola 29 kwa kila mtu kwa mwezi. Kwa watu sita ni dola 174, na hiyo ofisi nyingi za hapa haziwezi kuitetea mbele ya mhasibu. Bitbucket nayo bure inaishia watu 5. GitHub haihesabu watu: tangu Aprili 2020 repo za faragha zinapokea washiriki bila kikomo hata kwa mpango wa bure.

Codeberg haipo kwenye mashindano haya ikiwa mnatengeneza mifumo ya wateja. Ni ya programu huria. Repo ya faragha inavumiliwa kwa mambo madogo tu, na msimbo wa kufungwa wa kampuni si kazi yao. Kama mradi wenu ni wa wazi, tuseme kamusi ya Kichagga au ramani ya njia za miguu za Meru, hapo ni mahali pazuri sana na hakuna anayewauzia kitu.

Siku ya kuondoka

Kwa mwanafunzi wa field, GitLab inashinda bila ubishi. Unapomwalika kuna kisanduku cha tarehe ya mwisho. Unaandika siku field inapoisha, na siku hiyo anatoka mwenyewe, hata kama ninyi nyote mko bize na msimu. Kwenye GitHub mwaliko wa kawaida hauna tarehe ya kuisha uanachama, kwa hiyo ni lazima mtu akumbuke. Nani anakumbuka Septemba? Ukifungua orodha ya wanachama ya ofisi yoyote iliyokaa miaka mitatu, utakuta majina ambayo hakuna aliyepo anayeweza kuyapambanua.

GitHub inafanya jambo moja zuri: mtu akipoteza ruhusa ya repo ya faragha, nakala alizozigawa kwenye akaunti yake ndani ya GitHub zinafutwa. Usilitegemee kupita kiasi. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo huduma hizi zote zimejengwa juu yake, kwa asili yake humpa kila mtu historia nzima kwenye kompyuta yake, na hakuna kitufe cha kampuni yoyote kinachofika kwenye laptop ya mtu aliyeko Babati. Kwa hiyo kama kwenye msimbo kuna ufunguo wa mfumo wa malipo au nywila ya hifadhidata, badilisheni siku hiyohiyo. Bora zaidi, visiwemo tangu mwanzo.

Kuna kingine ambacho watu hawakiangalii. Kwenye GitHub kuna funguo za SSH (za kompyuta kujitambulisha bila nywila) zinazobandikwa kwenye repo yenyewe ili seva ivute msimbo, zinaitwa deploy keys. Haziko chini ya mtu aliyeziweka. Unamwondoa fundi kwenye organization, jina lake linapotea, nyote mnaridhika, na ufunguo aliouweka mwaka jana unaendelea kufungua. Tokeni zake binafsi (nywila maalumu za programu) zinakufa na ruhusa yake, ufunguo huo haufi. Ingieni Settings ya kila repo mkauangalie kwa macho.

Nimewahi pia kukuta, ndani ya repo, nakala ya hifadhidata yenye majina na namba za pasipoti za watalii, imewekwa pale "kwa majaribio". Kila aliyewahi kualikwa alikuwa nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na haitajali kama mlitumia GitHub au GitLab.

Kuhusu kifo, jambo ambalo hatupendi kulitaja: GitHub inaruhusu kumteua mrithi wa repo zako binafsi za wazi. Mrithi akiwasilisha cheti cha kifo anasubiri siku 7. Akiwa na tangazo la kifo tu, siku 21. Ni mpangilio mzuri kwa mtu mwenye mradi wake mwenyewe. Kwa timu, owner wawili wanatosha.

Simu ikiibiwa

Tangu 2023 GitHub imekuwa ikiwalazimisha wanaochangia msimbo kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. GitLab.com na Codeberg wanao pia. Mnapochagua njia, acheni SMS. Laini ikikaa bila kutumika inafungwa na namba inapewa mtu mwingine, na laini iliyopotea ina safari yake ya kuirudisha. Programu ya kwenye simu inayotoa namba sita kila sekunde 30 haihitaji bando wala mtandao. Inachohitaji ni saa ya simu iwe sahihi. Simu ambayo mwenyewe ameirudisha saa nyuma kwa ajili ya mchezo itatoa namba zinazokataliwa, na atasema GitHub imeharibika.

Halafu kuna namba za dharura, zile unazopewa siku unawasha. GitHub hutoa 16, GitLab hutoa 10, Gitea hutoa moja tu, ya kutumia mara moja. Ukizipoteza pamoja na simu:

GitHub inaweza kukubali ushahidi mwingine, kama kifaa ulichokwisha kuingilia, ufunguo wa SSH au tokeni, na watu wao wanaupitia. Ukikosa hivyo, hawaifungui. Wanachoweza ni kukuachia imeili yako uanze akaunti mpya.

GitLab ina njia ninayoipenda sana. Kama ufunguo wako wa SSH ulikuwa umesajiliwa tayari, fungua kompyuta uandike `ssh git@gitlab.com 2fa_recovery_codes`, ukubali, na unapata namba mpya za dharura palepale bila kumwandikia mtu. Ila kama ufunguo haupo na akaunti ni ya bure, usitegemee huduma kwa wateja kukuondolea hatua ya pili.

Kwenye seva yenu wenyewe, admini anaifuta hatua ya pili ya mtu, anampa nywila ya muda, kazi inaendelea. Hapo seva yenu inazishinda zote. Ila admini naye awe na mwenzake.

Namba hizo zichapishwe karatasini. Stesheneri yoyote karibu na Mnara wa Saa itakuchapia, lakini usimtumie mchapaji faili kwa WhatsApp, utakuwa umemgawia ufunguo.

Kusimika wenyewe

Forgejo na Gitea zinaendeshwa hata na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. GitLab ni nzito na inataka gigabaiti nyingi za RAM. Faida ya zote ni kwamba hakuna kikomo cha watu wala cha repo za faragha, na akaunti ni zenu kweli: mnafungua, mnasimamisha, mnafuta, hata kwa amri ya `forgejo admin user create` bila kugusa kivinjari. Kumsimamisha mtu ni tofauti na kumfuta, na mara nyingi ndicho mnachotaka, kwa sababu kazi zake zinabaki na jina lake.

Jambo la kwanza baada ya kusimika ni kufunga usajili wa wazi. Kwenye Gitea ni mstari mmoja kwenye faili la app.ini, `DISABLE_REGISTRATION = true`. Seva iliyoachwa wazi intaneti hugunduliwa na roboti, na wiki chache tu baadaye mna mamia ya "watumiaji" wanaotangaza kamari. GitLab ni makini zaidi hapo: seva mpya humtaka admini aidhinishe kila anayejisajili.

Jambo la pili ni masasisho, na hili ndilo linalonifanya niwaambie wengi wasisimike. Januari 2024 GitLab ilitangaza tundu la ukali wa 10 kwa 10: mtu aliweza kuomba kubadili nywila ya mwingine na barua ikaenda kwenye imeili yake yeye mwizi. Tovuti ya GitLab.com ilikuwa imeshazibwa. Wenye seva zao walitakiwa kuziba wenyewe, siku hiyo. Aliyewasha hatua mbili angebadilishiwa nywila, lakini mwizi asingeingia. Jiulizeni nani kwenu anasoma matangazo hayo, na kama umeme ukikatika Ijumaa jioni nani anakwenda ofisini Sakina kuwasha seva.

Kwa hiyo

Ofisi ya watu sita na kuendelea, wateja wengi, bajeti ndogo: GitHub, kwa organization, owner wawili, hatua mbili iwe lazima kwa wote, na kalenda ya kuondoa wanafunzi. Ulinzi wa tawi kuu mlipie kwa miezi ya msimu ikibidi.

Timu ya watu watano au pungufu yenye wateja wanaoshindana na wanafunzi wanaokuja kila mwaka: GitLab.com, bila kusita. Mkijua mtakua haraka, someni tena ile dola 29 kabla ya kuhamia.

Mradi wa wazi: Codeberg. Chuo, au ofisi yenye mtu wa seva anayelipwa kwa kazi hiyo: Forgejo. Bitbucket kama mteja wenu tayari anaishi ndani ya Jira. Vinginevyo sioni sababu.

Na kama repo iko kwenye akaunti ya mtu na bado anapatikana, msingoje achoke kupokea simu. Fungueni organization leo, mwalikeni, mpeni ruhusa ya kuunda repo humo, kisha aingie Settings ya repo yake, ashuke hadi chini kabisa na kuchagua Transfer. Inahamia papo hapo pamoja na historia na majadiliano, na linki za zamani zinaelekeza zenyewe kwenye anwani mpya. Akiihamishia kwa akaunti binafsi ya mtu mwingine badala ya organization, huyo mwingine ana siku moja tu ya kukubali, kwa hiyo mpigieni kwanza.